Mlimbebaje?

Mjomba wangu alikuwa mkwezi. Kijijini kwetu, ng'ambo ya mto Pangani upande wa Bweni, wakwezi ulikuwa unawatambua kwa nyayo zao, maana ngozi ya unyayo ilikuwa imekomaa kama kifuu. Mwaka 1988, masika yamekolea na shina la mnazi linateleza, aliachia mikono akiwa karibu kabisa na makuti. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka kishindo, kisha kimya, kisha watu wakija mbio kutoka kila upande wa shamba.

Walimwinua wakamkalisha. Walimpa maji. Wawili walimshika makwapani, wawili miguuni, kiuno kinaning'inia katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Wakamlaza juu ya kitanda cha kamba mpaka mtoni, wakamvusha, wakampakia nyuma ya pikapu juu ya magunia ya nazi. Kutoka Pangani hadi Tanga mjini ni kilomita hamsini hivi, na barabara ya wakati ule, mvua ikinyesha, ilikuwa mashimo na matope mwanzo mwisho. Hospitali, daktari alimchoma vidole vya miguu kwa pini, akangoja, akachoma tena. Halafu akawageukia waliomleta akauliza, "Mlimbebaje?"

Hakuna aliyejibu. Mjomba aliishi miaka kumi na minane baada ya siku ile, na miguu yake haikucheza tena. Kama uti wa mgongo ulikatika alipoanguka au alipobebwa, hakuna anayeweza kusema. Wale wanne walikuwa marafiki zake wa utotoni. Mmoja wao alikuwa anakuja kila Ijumaa baada ya sala kumtoa nje apate jua, na sikumsikia hata siku moja akilitaja jambo lile.

Nilikuja kuwa muuguzi, na kwa miaka mingi sasa nafundisha huduma ya kwanza hapa Tanga, wanafunzi wangu wengi wakiwa madereva wa bodaboda. Swali la daktari yule nimelibeba mpaka darasani. Nilidhani ni swali letu sisi tu, la watu wasio na gari la wagonjwa. Kumbe lina historia ndefu, na sehemu yake kubwa ilitokea katika mtaa wa watu weusi wa jiji la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Mlango wangu wa kuingilia huko ulikuwa kitabu. Mwenzangu mmoja alinipa nakala kuukuu ya Emergency Care in the Streets, kitabu cha kufundishia wahudumu wa magari ya wagonjwa kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1979. Gamba lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa viatu. Mwandishi wake ni Dkt. Nancy Caroline. Nilikitumia miaka miwili mizima kabla sijajiuliza mama huyu alijulia wapi hizo ngazi nyembamba, hizo jikoni za watu, hao majirani wanaopiga kelele mlangoni, ambao kitabu kinawataja kana kwamba aliwaona jana. Nilipofuatilia nikakutana na jina la Freedom House, Nyumba ya Uhuru.

Kwanza hali ilivyokuwa. Anayedhani Marekani ilikuwa na wahudumu wenye ujuzi tangu zamani ashike hili: katikati ya miaka ya 1960, karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini humo ziliendeshwa na wenye biashara ya mazishi. Sababu yake ilikuwa nyepesi na ya kusikitisha. Gari la maiti ndilo gari pekee mtaani ambamo mtu anaweza kulala akanyooka. Mwaka 1966 Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo ilitoa ripoti kuhusu vifo na ulemavu wa ajali. Ilieleza kwamba mwaka mmoja tu, 1965, ajali ziliua watu 107,000. Iliona pia kwamba askari aliyejeruhiwa vitani alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko raia aliyegongwa barabarani kwao.

Pittsburgh kazi hiyo ilikuwa ya polisi. Ukianguka, linakuja karandinga. Askari wawili wanakuzoa, wanakutupia kwenye machela ya turubai nyuma, wanafunga mlango, halafu wote wawili wanakwenda kukaa mbele. Nyuma uko peke yako na pumzi yako. Ikikatika njiani, wataigundua mkifika.

Sasa hebu fikiri hali ya mtaa unaoitwa Hill District. Hill ilikuwa mtaa wa watu weusi, na wahamiaji wa kila namna kabla yao, uliosifika kwa muziki wa jazi na kwa maduka yake. Kuanzia mwaka 1956 jiji lilibomoa sehemu yake ya chini. Watu wapatao 8,000 walihamishwa pamoja na biashara kama 400, ili pajengwe ukumbi mkubwa wenye paa la chuma linalofunguka, uliozinduliwa mwaka 1961. Waliobaki juu ya kilima walibaki na kazi chache na polisi wasioaminika. Kumwita polisi aje ambebe mama yako mgonjwa lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Gari laweza lisije. Laweza kuja likiwa na maswali kuhusu kijana mwingine wa nyumba hiyo. Nina wanafunzi wanaolijua jambo hili bila kufundishwa. Wamewahi kumpita majeruhi barabarani kwa hofu ya kuambiwa wao ndio waliogonga, na wameniambia hivyo wakitazama chini.

Watu watatu walikutana juu ya jambo hili. Phil Hallen alikuwa mkuu wa mfuko wa afya ulioitwa Maurice Falk, na ujanani aliwahi kuendesha gari la wagonjwa. James McCoy aliongoza Freedom House Enterprises, shirika lililokuwa likiwasaidia watu weusi kuanzisha biashara, na shughuli mojawapo ya shirika hilo ilikuwa kupeleka mboga mitaani kwa magari. Wazo la kwanza la Hallen halikuwa kubwa: hawa wana magari na wana vijana wanaohitaji kazi, basi wawapeleke wagonjwa hospitali. Akaenda kumwona Dkt. Peter Safar.

Kwa Safar nitakaa kidogo, kwa sababu yumo darasani mwangu kila Jumamosi. Alizaliwa Vienna mwaka 1924, akawa daktari wa usingizi na dawa za ganzi, akahamia Marekani. Miaka ya 1950, akiwa Baltimore, aliwalaza watu waliojitolea, akawapa dawa ya kulegeza misuli mpaka wakashindwa kupumua wenyewe, kisha akawaonyesha watu wasio madaktari namna ya kuwapulizia hewa mdomo kwa mdomo. Alikuwa anataka kuthibitisha kwamba mtu wa kawaida anaweza kumpumulia mwenzake. Yeye ndiye aliyempa wazo Asmund Laerdal, Mnorwe aliyekuwa akitengeneza midoli ya watoto, la kuunda mdoli wa kufanyia mazoezi. Mdoli huyo alitoka mwaka 1960. Ninaye mmoja wa ukoo huo, kifua chake kimechakaa kwa mikono ya madereva wa Chumbageni na Ngamiani. Kila anapobonyezwa akatoa ule mlio wa kwanza, namkumbuka mzee wa Vienna.

Mwaka 1966 ulimpiga Safar nyumbani. Binti yake Elizabeth, mtoto mdogo, alishikwa na pumu. Moyo na mapafu baba yake aliweza kuvirudisha. Ubongo ulikuwa umekosa hewa muda mrefu mno. Novemba ya mwaka huohuo, katika mkutano wa kampeni, alianguka David Lawrence, aliyekuwa meya wa Pittsburgh kwa miaka mingi kisha gavana wa jimbo. Muuguzi aliyekuwa ukumbini alimkandamiza kifua. Polisi walimchukua kwa utaratibu wao uleule wa siku zote. Alifikishwa hospitali kwa Safar moyo unadunda lakini akili haipo, akafariki wiki mbili na ushei baadaye. Lawrence ndiye aliyekuwa meya wakati sehemu ya chini ya Hill ilipoanza kubomolewa. Mtu mkubwa kuliko wote mjini alikufa kwa kukosa kitu ambacho watu wa mtaa ule walikuwa karibu kukianzisha. Nimeuandika ukweli huu ubaoni zaidi ya mara moja, na kila mara darasa hunyamaza.

Basi Hallen alipomletea Safar habari ya magari ya mboga, Safar alitaka zaidi. Kuwapeleka watu hospitali haraka hakukumtosha. Alitaka hospitali yenyewe iende kwa mgonjwa, gari liwe na oksijeni, dripu, mashine ya kufyonza makohozi, na nafasi ya mhudumu kuketi kichwani pa mgonjwa badala ya kukaa mbele na dereva. Na alitaka watu waliofundishwa sawasawa kukaa kwenye nafasi hiyo.

Mwaka 1967 walianza kuwatafuta. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na sitaharakisha.

Waliochukuliwa walikuwa wanaume weusi wa Hill na mitaa jirani. Walikuwamo waliorudi kutoka vita vya Vietnam, waliowahi kufungwa jela, na waliokuwa wakishinda vijiweni kwa kukosa kazi. Karibu nusu yao hawakuwa wamemaliza sekondari. Kwa lugha ya maofisa wa wakati ule walikuwa watu wasioajirika. Hakuna shule ya udaktari wala ya uuguzi ambayo ingewatazama mara ya pili. Safar na wenzake hawakuwaambia waende kwanza wakasome ndipo warudi. Waliwapa yote kwa pamoja: masomo ya kuwawezesha kupata cheti cha sekondari, na kozi ya takribani saa 300 ya anatomia, utendaji wa mwili, huduma ya majeraha, uuguzi, kurudisha uhai na udereva wa hadhari. Polisi waliokuwa wakibeba wagonjwa kabla yao walikuwa na huduma ya kwanza ya kawaida, basi. Vijana hawa walipelekwa kwenye vyumba vya upasuaji na wodi za wagonjwa mahututi wakaone kwa macho, wakashike kwa mikono.

Nimefundisha watu wazima walioachia shule darasa la saba. Najua kinachotokea mtu wa namna hiyo anapoambiwa jina la Kilatini la mfupa kisha akaachwa aushike mfupa wenyewe. Mgongo unanyooka. Siku inayofuata anakuja mapema.

Masomo hayajakaa sawa, Aprili 1968 ikafika na kuuawa kwa Martin Luther King. Hill iliwaka siku kadhaa, jeshi la akiba likaingia mitaani. Huduma yenyewe ilizinduliwa Julai mwaka huo, magari mawili. Katika mwaka wa kwanza waliitikia wito karibu 5,800, wengi wao kutoka mitaa ya watu weusi. Safar alihesabu kwamba waliokoa watu kama 200 ambao kwa utaratibu wa zamani wangekufa.

Hesabu ni hesabu. Zaidi yake kulikuwa na mlango kufunguliwa na mgonjwa akaona uso wa jirani. Waliomjia walikuwa vijana waliokulia mtaa uleule, wanaojua kwamba bibi wa ghorofa ya tatu hatataka kutoka kabla ya kufunga kilemba, na kwamba ngazi za nyumba ile zina kona ambayo machela haipiti. Walizungumza naye kwa heshima. Polisi nao hawakufurahi kunyang'anywa kazi, na mara nyingi simu za wagonjwa hazikufikishwa kwa Freedom House. Vijana wakajibunia ujanja wao: wakawa wanasikiliza redio ya polisi, wakisikia mtu kaanguka mahali wanaondoka mbio wafike kwanza. Wamesimulia pia kuhusu wagonjwa weupe waliokataa kuguswa na mikono myeusi hata kifua kikiwabana.

Mmoja wao ni John Moon. Alikuwa mhudumu wa wodi, kazi ya kusukuma vitanda na kubeba mabeseni, kazi ambayo mtu unapita ukumbini bila yeyote kukuona. Siku moja wanaume wawili weusi waliingia na mgonjwa, wakaeleza hali yake kwa muuguzi na daktari kwa sauti ya watu wanaojua wanachosema, na daktari akasikiliza. Moon amesimulia mara nyingi kwamba alisimama pale akajiambia na mimi nataka kuwa hivyo. Akajisomea, akaomba, akachukuliwa. Nawafahamu wahudumu wa wodi wa kwetu wenye vipawa vikubwa waliostaafu wakisukuma vitanda, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupita mbele yao akiwa na sura yao na stethoskopu.

Nancy Caroline alifika mwaka 1974. Alikuwa daktari kijana kutoka eneo la Boston, amekuja kusomea uangalizi wa mahututi chini ya Safar, naye Safar akamkabidhi Freedom House awe daktari wao mkuu. Wangeweza kumkataa: mwanamke, mweupe, mgeni, msomi. Lakini aliingia garini. Alikaa nao zamu za usiku, akarekebisha makosa pale pale mtaani, na asipokuwapo alikuwa kwenye redio. Serikali kuu ilikuwa inataka mtaala wa kitaifa wa kufundishia wahudumu hawa, ambao hadi hapo kila jiji lilikuwa likijitungia. Caroline aliuandika, na ulijaribiwa kwa watu wa Freedom House. Kwa hiyo yale maelekezo ya kumlaza mgonjwa, kufungua njia ya hewa, kumfunga mwenye kuvunjika na kumshusha ngazi, ambayo baadaye yalisomwa Marekani nzima na mpaka kwetu katika nakala iliyoshonwa kwa uzi wa viatu, yalipimwa kwanza kwa mikono ya watu walioitwa wasioajirika.

Nilitamani historia iishie hapa.

Mitaa ya matajiri ya Pittsburgh ilikuwa bado inabebwa na polisi, na ilianza kuuliza kwa nini watu wa Hill wanapata huduma bora kuliko wao. Jibu la haki lingekuwa kuipanua Freedom House ifike mji mzima. Meya Peter Flaherty, aliyeingia madarakani mwaka 1970, hakulitaka. Malipo ya jiji kwa shirika yalichelewa, magari yakachakaa, na hatimaye jiji likatangaza litaanzisha huduma yake lenyewe. Freedom House ilifungwa tarehe 15 Oktoba 1975.

Caroline alipigania watu wake wachukuliwe na huduma mpya. Walichukuliwa kwenye makaratasi. Baada ya hapo jiji likawa na masharti. Waliokuwa na rekodi ya jela waliondolewa, ingawa rekodi hizo zilijulikana tangu siku ya kwanza na hazikuwazuia kuokoa mtu. Timu zilizokuwa zimezoeana zikavunjwa, kila mmoja akawekwa chini ya mkubwa mweupe ambaye mara nyingi alikuwa na uzoefu mdogo kuliko wake. Ikaletwa mitihani ya kufaulu au kufukuzwa, yenye mambo ambayo hawakuwahi kufundishwa. Watu ambao mtaala wa taifa ulitengenezwa juu ya kazi yao waliambiwa wathibitishe kwa karatasi kwamba wanaijua kazi hiyo. Wengi waliondoka mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huduma ya dharura ya Pittsburgh ilikuwa ya watu weupe kwa asilimia 98.

Nimeirudia namba hiyo mara nyingi. Jiji ambako watu weusi ndio walioianzisha kazi hii, baada ya miaka ishirini na ushei, lilikuwa karibu halina mtu mweusi kwenye magari yake. Haikuhitajika sheria ya kuwakataza, maana sharti la cheti, sharti la rekodi na mtihani uliopangwa na mwingine vilitosha. Kila sharti ukilitazama peke yake linaonekana la busara. Ndiyo maana nalihofia kuliko tusi la wazi.

Njia hii ya masharti ilikuwa imetumika tayari katika tiba ya Marekani. Mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner kuhusu shule za udaktari ilitaka viwango vipandishwe, na viwango kweli vilihitajika. Katika shule saba za madaktari weusi, tano zilifungwa. Zilibaki Howard na Meharry. Chama cha madaktari cha nchi hiyo kiliomba radhi kwa ubaguzi wake dhidi ya madaktari weusi mwaka 2008, karibu karne nzima baadaye. Na tiba ya dharura yenyewe kama fani ya kibingwa ilikuwa changa: mafunzo ya kwanza ya madaktari bingwa yalianza Cincinnati mwaka 1970, na fani ikatambuliwa rasmi mwaka 1979. Yaani vijana wa Hill walikuwa mtaani wakiifanya kazi hii miaka miwili kabla ya daktari wa kwanza kuingia darasa la ubingwa wake.

Moon hakuondoka. Alivumilia, akapanda ngazi mpaka akawa mkuu msaidizi wa huduma ya dharura ya jiji, na alipopata mamlaka alikwenda kutafuta vijana weusi wa kuwaingiza. Alistaafu mwaka 2009. Mmoja wa aliowavuta ni Amera Gilchrist, na mwaka 2023 Gilchrist akawa mkuu wa huduma ya dharura ya Pittsburgh, mtu mweusi wa kwanza na mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mtu mmoja aliubana mlango kwa mguu wake usijifunge, kwa zaidi ya miaka thelathini.

Caroline alikwenda Israeli kufundisha wahudumu wa huko, kisha miaka ya 1980 akaja Nairobi. Nilipolisoma hili niliweka kitabu chini nikatoka nje. Alifanya kazi ya udaktari na AMREF, lile shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa mwaka 1957 na daktari wa upasuaji Michael Wood na wenzake, ndege zake zikipaa kutoka Uwanja wa Wilson kwenda vituo vya mbali vya Afrika Mashariki. Mwanamke aliyejifunza kazi kwenye ngazi za Hill alikuwa Nairobi, safari ya basi ya siku moja kutoka kwetu, katika muongo uleule mjomba alipoanguka. Alifariki mwaka 2002. Sijui kama niseme nilimkosa. Alinifikia kwa njia yake.

Kwetu mambo yamesogea. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na mwaka huohuo chuo kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa wake, wa kwanza wakahitimu mwaka 2013. Ni madaktari wetu, wanasikia mgonjwa anaposema kifua kinampaa. Hilo ni jambo kubwa na naliheshimu. Lakini mgonjwa hufika mlangoni mwao akiwa amebebwa tayari, na anayembeba, mara nyingi kuliko yote, ni kijana wa bodaboda au wa bajaji aliyekuwa karibu.

Ndiyo sababu nasimulia pia jambo langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mfadhili mmoja alikubali kulipia darasa letu, akatuletea fomu. Sharti la tatu: mwombaji awe na cheti cha kidato cha nne. Nililipitisha. Misimu miwili nilisimama mlangoni mwa ofisi ya serikali ya mtaa nikiwarudisha watu. Nilimrudisha dereva mmoja wa kijiwe cha stendi, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliyekuwa amebeba majeruhi wengi kuliko wote walioketi ndani. Aliniambia, "Sawa, mwalimu, shikamoo," akavaa kofia yake ngumu akaondoka. Usiku ule nilikuwa nasoma kuhusu mitihani ya Pittsburgh. Nilisoma ukurasa mmoja, nikaurudia, kisha nikaenda kuichukua ile fomu.

Haikuwa rahisi kuliondoa sharti lile. Barua tatu, vikao viwili, na swali walilolirudia: ubora utakuwaje? Nikawajibu kwamba mtihani utakuwa wa mikono. Anayeweza kuandika aandike, asiyeweza aseme, lakini kila mmoja atamlaza mtu sakafuni mbele yangu na kumwinua.

Yule dereva nilimfuata kijiweni mwenyewe. Alikubali baada ya kunitazama kwa muda. Siku ya mtihani tulikuwa uani, chini ya mwembe, na nilikuwa nimemlaza mwenzake kifudifudi kando ya pikipiki iliyolala, kofia ingali kichwani. Alipiga magoti upande wa kichwa, akaweka viganja viwili pande zote mbili za kofia, viwiko ameviegemeza chini visitetemeke. Akawaita wenzake watatu kwa majina, mmoja mabegani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni.

Nikamuuliza, "Mtambebaje?"

"Mimi nipo kichwani, mwalimu," alisema bila kuinua macho. "Hageuzwi mtu mpaka mimi nihesabu."

Akahesabu.